Injini Iliyoamka na Joto

Mtaani pale, gari likianza kugonga, watu hawakuuliza gereji gani ni nzuri. Waliuliza, "Fundi Sikio yupo?" Kama hayupo walikalia matairi mabovu mlangoni wakamngoja, maana mafundi wengine wangefumua injini nzima kutafuta ugonjwa. Yeye alichukua bisibisi yake ndefu, akaegemeza ncha kwenye chuma na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho, kisha akasema, "Valvu ya tatu, ya kutolea moshi. Fungua hapo tu." Ukifungua hapo tu, ndiyo yenyewe. Mtu alikuwa na kipaji, tusimnyime haki yake.

Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na minne. Alianza kwenye karakana ya malori ya kokoto, akaoa, akafungua gereji yake ya mabati yenye shimo moja na winchi moja ya mnyororo, na nyuma yake vyumba viwili vya kuishi. Mkewe alifariki binti yao akiwa na miaka sita. Kaka wa marehemu, fundi umeme ambaye kila mtu alimwita Waya, alikuja msibani na begi la siku tatu, na hakuondoka tena. Hao wanaume wawili ndio waliomlea yule mtoto, kwa malezi waliyoyajua wao: ana miaka minane anajua kubadili plagi, ana kumi na minne analirudisha gari la mteja kinyumenyume juu ya shimo bila kugusa ukingo. Sasa alikuwa na ishirini na sita, dereva wa mashindano ya mchanga na mawe, na baba yake alimpenda kiasi kwamba hakuwahi kwenda kumtazama hata mara moja. Siku za mashindano alibaki gerejini akipanga spana zilizokwisha kupangwa, mpaka simu ilie.

Na kila asubuhi kabla ya chai alizungukia injini zote zilizomo gerejini, akizigusa moja moja kwa mgongo wa mkono. Waya alimtania, "Shemeji anawaamkia wakwe zake." Mwenyewe alisema mgongo wa mkono unahisi unyevu wa oili haraka kuliko kiganja, basi, hakuna la zaidi. Ushirikina hakuutaka hata kuusikia. Mteja mmoja aliwahi kumwambia gari lake lina mkosi, akajibiwa, "Lina ringi zilizokwisha. Mkosi haunywi oili." Chuma ni chuma, alisema, na alilisema hilo mpaka likawachosha watu.

Sasa, mwaka huo ikaja nafasi ambayo haiji mara mbili. Timu kubwa ya mashindano ilikuwa inatafuta dereva, na ilitangaza kwamba atakayeshinda mbio za Jumamosi ile, kilomita themanini na tano kwa siku moja, atachukuliwa. Binti, Fundi Sikio na Waya walikuwa wameshajenga gari lao wenyewe: mifupa mitupu ya mabomba, springi ndefu, matairi ya kufika kiunoni. Lilikosa injini tu. Na injini zilikuwa mbili, na hapo ndipo nyumba ilipogawanyika.

Ya kwanza ilikuwa dizeli ya silinda sita, imetoka kwenye lori dogo ambalo Fundi Sikio alilihudumia miaka kumi na moja. Aliijua kama anavyojua kikohozi chake. Ya pili ilikuwa ya petroli, silinda nane, aluminiamu tupu, ambayo Waya aliipata kwa dalali wa injini kuukuu. Ilitoka kwenye gari gani, dalali hakujua. Alichokumbuka ni kwamba aliyeileta hakutaka hata kusaidia kuishusha. Alibaki ndani ya gari lake, milango imefungwa, mpaka wakamaliza.

"Shemeji, unataka mtoto aende mashindanoni na mashine ya kusaga?" Waya alianza, Jumapili hiyo wamezizunguka zote mbili.

"Bora mashine ya kusaga inayofika, kuliko king'ora kinacholia mpaka mto wa kwanza kikanyamaza. Petroli inataka cheche. Maji na cheche tangu lini wakapatana?"

"Nitazifunga plagi vizuri, maji hayataona ndani. Wewe niambie uzito. Hilo lichuma lako ni karibu kilo mia nne. Gari likiruka linatua kwa pua, mtoto anavunjika meno."

"Nitakaza springi za mbele."

"Kaza, kaza, mwishowe gari litarukaruka kama chura mlevi."

Binti alicheka, kisha akachuchumaa kati ya injini hizo mbili. "Baba, kwenye mchanga nahitaji magurudumu yazunguke haraka. Ukizubaa mchanga unakumeza. Dizeli inavuta, lakini inachelewa kuamka."

"Na kwenye mawe?"

"Kwenye mawe nahitaji dizeli," alikiri. "Inavuta kuanzia chini, naweza kupanda polepole bila kuunguza klachi. Lakini mawe ni kilomita ishirini na tano, baba. Mchanga ni sitini."

Fundi Sikio akapiga hesabu hiyo kichwani, kisha akaenda kuvuta winchi. Wakaifunga ya petroli kwenye fremu ya chuma iliyokazwa sakafuni, Waya akaiwekea mita ya saa ili wajue imetembea kiasi gani, wakaiwasha mchana ule kwa saa nzima. Bati zilitetemeka. Fundi Sikio akaweka bisibisi, akafumba macho, akasikiliza silinda zote nane. Hakusikia kasoro hata moja, na hilo lilimkera. Injini iliyotumika lazima ilalamike kidogo, valvu hapa, mnyororo pale. Hii, katikati ya kelele zake zote, ilikuwa kimya. Alipoondoa bisibisi sikioni alikuta anapumua kwa kasi, asijue kwa nini.

"Tuijaribu siku tatu," alisema. "Jumatano tunakata shauri."

Jumatatu asubuhi alizungukia injini zake kama kawaida. Gari la mwalimu, baridi. Pikipiki ya muuza maziwa, baridi. Dizeli yake, baridi, na tone la umande juu yake. Akaiwekea mkono ile ya petroli, akautoa haraka. Ilikuwa na joto.

Si joto la jua, jua lilikuwa bado. Na aluminiamu haishiki joto. Izime, kwa ubaridi wa alfajiri, haimalizi muda wa saa mbili imeshapoa. Kwa hiyo mtu alikuwa ameizima muda si mrefu. Lakini nani? Waya alikuwa anakoroma chumbani. Binti alikuwa ndiyo kwanza anapiga mswaki. Na nyaya za betri, Fundi Sikio alizichomoa mwenyewe Jumapili, zilikuwa bado zimelala sakafuni pale pale alipoziacha. Kitanda chake kilikuwa nyuma tu ya ukuta wa bati, na usingizi wake ulikuwa mwepesi, panya akipita anaamka. Hakusikia kitu.

Siku hiyo na ya pili yake kazi za wateja zilijaa, injini hawakuiwasha kabisa. Jioni akafunga mlango kwa kufuli, juu ya kufuli akazungusha waya mwembamba kwa fundo analolijua yeye. Jumanne akalikuta fundo vilevile. Injini ilikuwa na joto zaidi ya jana.

Akafungua chujio la hewa. Lilikuwa jipya, alilitoa kwenye boksi kwa mikono yake. Sasa lilikuwa limejaa vumbi jekundu, laini kama unga. Udongo wa mtaa ule ni mweusi. Wekundu ule upo sehemu moja, huko kwenye njia ya mashindano, kilomita mia moja na kumi kutoka pale. Injini haikuwa na gari. Haikuwa na gurudumu hata moja. Alisimama na lile chujio mkononi mpaka chai yake ikapoa, akalikung'uta nje ya uzio, akalirudisha, asimwambie mtu.

Jumatano mita ilisoma kwamba injini imetembea saa kumi na moja. Jumapili waliiacha kwenye saa moja.

Tuseme ukweli, aliogopa. Mtu mzima, ndevu zina mvi, aliogopa mpaka ikabidi akalie ndoo. Hakuogopa kwa ajili yake. Aliwaza kwamba hicho kitu kina mahali kinapokwenda, na kikipewa magurudumu, binti yake ndiye atakayekuwa amekikalia. Sasa aseme nini? Yeye, wa chuma ni chuma? Waya angemcheka mwaka mzima, na hilo si neno, angevumilia. Lakini binti angemtazama kwa yale macho ya kumhurumia mzazi anayezeeka, halafu angechagua injini yake kama kawaida. Fundi Sikio akatafuta njia ya mkato, na hapo ndipo alipoharibu.

Saa nne walikusanyika kukata shauri. Wakaiwasha ile ya petroli. Akaweka bisibisi, akafumba macho, akangoja kidogo ili ionekane anasikiliza, kisha akasema kwa sauti ile ile ya miaka thelathini na minne, "Beringi ya krenki, ya nne. Imeanza kuliwa, injini itakwama njiani."

Binti hakubisha hata nusu neno. "Basi dizeli," alisema, sauti imemshuka. Akazima injini akaenda kuchukua tepu apime nafasi ya dizeli kwenye gari. Kuaminiwa namna ile kulimuuma Fundi Sikio kuliko angetukanwa.

Waya ndiye aliyebaki amesimama. "Shemeji, mimi pia nimeisikiliza."

"Wewe sikiliza nyaya zako."

Lilikuwa neno baya, na alilisema kwa sababu alikuwa na hofu. Waya aliokota koleo lake akatoka. Lakini mchana, Fundi Sikio alipokwenda kutafuta mipira ya rejeta, Waya alifungua nati za fremu, akainyanyua injini kwa winchi, akamwaga oili, akafungua chini. Fundi Sikio alirudi akakuta kitambaa cheupe kimetandikwa juu ya meza ya kazi, na juu yake beringi tano zimepangwa. Zote zinang'aa. Kwenye ile ya nne ungeweza kujitazama uso wako.

Binti alikuwa ameishika. "Baba," alisema, "hii ndiyo iliyoliwa?"

Fundi Sikio akakosa pa kuweka mikono.

"Nilikuwa nawaambia watu baba yangu hajawahi kusema asichokisikia. Nimewaambia hata wale wa timu." Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Kama hutaki nikimbie haraka, ungesema hutaki. Kwa nini unidanganye kwa sikio lako?"

Ndipo baba akasema. Alimwaga yote, joto, fundo la kufuli, vumbi jekundu, saa kumi na moja za mita. Alisema vibaya, kwa kurukaruka, na kadiri alivyosema ndivyo yeye mwenyewe alivyojisikia kama mwehu. Alipomaliza, Waya alikuna kichwa. "Hiyo mita niliitoa kwenye jenereta bovu, shemeji. Inaruka yenyewe. Na boksi la chujio, nani ajuaye lililala ghala gani."

"Asubuhi iguse mwenyewe, mama," alimwambia binti yake. Tangu mkewe afe alimwita hivyo. "Nakuomba. Iguse tu."

Binti akakubali. Jioni wakairudishia beringi na kuifunga. Alhamisi wakaingia wote watatu, binti akaweka mkono juu ya injini, akauacha hapo muda mrefu ili baba yake aone kwamba anajaribu kweli. Kisha akamwita aje aguse. Ilikuwa baridi, baridi ya kuuma vidole, kuliko vyuma vyote vilivyokuwamo mle ndani.

"Jana beringi, leo joto," binti alisema taratibu. "Baba, nenda ukapumzike kidogo. Sisi tutaifunga kwenye gari."

Hakwenda kupumzika. Aliifunga pamoja nao, akakaza kila nati kwa mkono wake, akakagua kila mpira, maana kama mtoto atakwenda, basi asiende na kitu kilicholegea. Ijumaa waliijaribu kwenye uwanja wa kokoto. Gari lilipaa. Waya alirusha kofia juu, na binti alishuka akicheka kwa namna ambayo baba yake alikuwa hajaisikia tangu akiwa mdogo. Yeye alisimama pembeni akiwa amekunja mikono. Kila alipoitazama injini katikati ya mabomba alihisi kwamba na yeye anatazamwa.

Jumamosi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Fundi Sikio alikwenda mashindanoni.

Magari yalikuwa yamepangwa mstari mmoja kwenye uwazi wa udongo mwekundu, yanaachiwa moja moja kila baada ya dakika tatu. Lao lilikuwa la nne. Waya ndiye aliyekuwa akae kiti cha pili kusoma ramani; alikuwa ameshavaa kofia ngumu na kujiona rubani. Fundi Sikio akamshika kiwiko.

"Shemeji, nipe hicho kiti."

"We! Ramani unaijua?"

"Naijua. Nimeisoma usiku na mchana wiki nzima. Nipe kiti, ndugu yangu, na neno lile la Jumatano unisamehe."

Waya alimtazama, akaona kitu usoni pake, akavua kofia bila utani wowote. Haikuwa kawaida yake. Binti alipomwona baba yake anahangaika kupandisha mguu juu ya bomba la mlango, akaguna. "Baba, wewe una kilo tisini na mbili. Mjomba ana sitini."

"Wiki nzima tumebishana uzito, mama. Nichukulie kama dizeli."

Hapo akatabasamu kidogo, tabasamu la kwanza kumpa tangu Jumatano, na Fundi Sikio akalipokea kama chakula. Akakaa, akavaa kofia ya Waya. Binti akamfunga mikanda, miwili ya mabega, miwili ya mapaja, yote ikikutana kifuani kwenye kufuli moja la kuzungusha. Akaikaza hadi pumzi ikapungua. Kisha akajifunga mwenyewe. Gari la kwanza likaachiwa, la pili likaachiwa. Kelele zao zilijaa kila mahali na vumbi likasimama hewani.

Gari la tatu lilipoondoka, Fundi Sikio akasikia kiti kinatetemeka chini yake. Kidogo kidogo, tetemeko laini lisilo na kasoro.

"Mbona umeiwasha mapema?" akauliza. "Mwenye bendera bado hajaita."

Binti alikuwa anatazama mbele ya usukani, pale penye swichi kuu ya betri. Akanyanyua mkono wake wa kulia uliovaa glovu, akaufungua. Ufunguo mwekundu wa swichi ulikuwa kiganjani.

"Baba," alisema. "Bado sijaiwasha."

Wakatazamana ndani ya zile kofia. Uso wote wa binti ulikuwa umepauka, na katika uso ule Fundi Sikio aliona kwamba sasa anaaminiwa tena, moja kwa moja, kama zamani. Katikati ya hofu yake yote jambo hilo lilimgusa.

"Shuka, mama."

Hakuuliza kwa nini. Alizungusha kufuli la kifuani, mikanda ikaruka, akavuta mwili juu ya bomba la mlango kwa ule wepesi wake, akatua kwa miguu miwili kwenye udongo. Akageuka kumpa baba yake mkono. "Njoo! Baba, zungusha, zungusha kulia!"

Alizungusha kulia, kufuli likagoma. Vidole vyake vilivyoweza kutafuta nati gizani chini ya lori havikuwahi kugusa kufuli la namna ile. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Mbele ya kiti hicho, kanyagio la klachi likazama chini lenyewe mpaka mwisho, taratibu, bila haraka. Mkono wa gia ukaenda kwenye namba moja. Alitambua ulivyoingizwa: kwa upole, bila kukwaruza, na mtu anayejua kazi.

"Baba!"

Bendera ilikuwa bado chini gari lilipoondoka. Mwenye bendera akaruka pembeni akitukana, na nyuma sauti ya Waya ikauliza kwa nguvu nani anaendesha, nani anaendesha jamani. Usukani ulikata kona ya kwanza vizuri sana, kwa mstari ule ambao binti yake angeuchagua. Mchanga ukafunguka mbele. Injini ikapanda sauti silinda zote nane, na Fundi Sikio, ambaye hakuwa na bisibisi wala hakuihitaji, akasikia kwamba ilikuwa na furaha.

Aliacha kuhangaika na kufuli. Kioo cha pembeni kilikuwa kinatikisika, lakini ndani yake alimwona binti, mzima, miguu yote miwili, anakimbia katikati ya njia huku amevua kofia yake na nywele zimemtimka. Moyo wa Fundi Sikio ukatulia kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Akatoa mkono nje ya bomba la mlango, akaupunga kwa nguvu, akimwonyesha asogee pembeni, atoke njiani, kwa sababu gari la tano lilikuwa linakaribia kuachiwa.